Neno Langu Baada ya Fainali

Jumapili, usiku. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto la Gungu leo ni la kumfanya mtu agombane na shuka lake. Lakini siwezi kusingizia joto.

Nina aibu. Naandika hivyo mwanzoni kabisa, nisije nikajizungusha na mambo ya mfumo na mabadiliko mpaka nikasahau nilichokuja kusema. Mnaonisoma hapa mnajua tabia yangu: kila timu ya chuo chetu ikicheza naweka uchambuzi, naringa kidogo, halafu tunabishana kwenye maoni mpaka mtu akasirike. Tangu jana mnaniuliza uchambuzi wa fainali uko wapi. Ndio huu, ila sio ule mliouzoea.

Mpira kwanza, kwa kifupi. Fainali ya vyuo, tuliongoza bao moja mpaka mapumziko. Ramadhani, namba tisa wetu, alikuwa amewachosha mabeki wao hata mmoja akawa anamshika jezi waziwazi. Kipindi cha pili kinaanza, Ramadhani yuko benchi. Kocha Zabroni amemtoa, ameingiza beki wa tano, tumepaki basi. Wenzetu wakasukuma, wakasukuma, wakasawazisha, na mwishoni kabisa wakapata la pili kwa kona. Muda wote huo upande wetu wa kushoto ulikuwa wazi. Beki wao wa kulia alikuwa amepanda na hana pumzi ya kurudi, nasi hatukuwa na mtu wa kumpelekea mpira. Nililiona hilo nikiwa nimekaa kwenye majani. Kocha hakuliona, au aliliona akaogopa.

Hapo nilikuwa sahihi na bado niko sahihi. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Nilikuwa na hoja nzuri mkononi, nikaiweka chini nikaokota jiwe.

Baada ya mechi tulipanda mpaka kijiwe cha kahawa cha Mzee Hamisi, kama kawaida yetu. Pale wanakaa wanafunzi, mafundi, wapagazi waliomaliza zamu bandarini, na kila mmoja wao ni kocha. Mwanamke ni mimi peke yangu. Nilipoanza kwenda, nikiwa mwaka wa kwanza wa ualimu, nikisema jambo walikuwa wananisubiri nimalize kama watu wanaosubiri treni ya mizigo ipite, kisha wanaendelea na yao. Aliyebadilisha hali hiyo ni Kocha Zabroni mwenyewe. Siku moja alipita akanikuta nalalamikia viungo wetu, akavuta benchi, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ungewapangaje?" Akanisikiliza mpaka mwisho. Mechi iliyofuata akawapanga hivyo.

Tangu hapo nikapata kiti kijiweni, na baadaye nikachaguliwa katibu wa mashabiki. Na kwake nikawa mtu wa nyumbani. Anaishi na mama yake kwenye nyumba ndogo ya chuo. Mama huyo ananilisha ugali na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, na huniita "mwana wanje", mwanangu, kama nimetoka tumboni mwake.

Kwao ni Burundi. Mama alivuka kuja huku zamani, kwenye wimbi lile la kwanza la wakimbizi, akiwa msichana mwenye mimba. Zabroni amezaliwa huku, amesoma huku, ni raia kama mimi. Lakini miaka hii kambi zimejaa wageni wapya, na neno "mkimbizi" limekuwa jepesi mdomoni tena. Mtu asiyempenda jirani yake huliokota hilo kwanza.

Sasa jana. Ubishi ulikuwa mkali. Fundi mmoja wa pikipiki alikuwa anamtetea kocha, na anamtetea vizuri tu. Alisema ukiwa na bao moja kwenye fainali ni haki yako kulilinda, na vijana walishachoka, sasa mlitaka ashambulie na miguu ipi? Watu wakaanza kutikisa vichwa kumkubalia. Nikaona nashindwa. Nikasimama.

"Mnamlaumu bure, jamani," nikasema. "Watu walioacha nchi nzima, watashindwa kuacha goli?"

Kijiwe kilipasuka. Mzee Hamisi alicheka mpaka akaweka birika chini. Wale wale waliokuwa wananisubiri nipite walinipiga bega, wakanirudishia sentensi yangu kama vile wanaionja. Mtu akaninunulia kashata.

Nilifurahi.

Ningependa kuandika kwamba liliniponyoka. Halikuniponyoka. Nilikuwa nimelipanga kichwani wakati fundi anaongea, na nilivuta pumzi baada ya "jamani" ili likae vizuri. Nilijua wangecheka. Nilitaka wacheke, na niliyemtoa kulipia kicheko hicho ni mtu aliyenipa kiti.

Neno lilinitangulia barabarani. Nilipopanda bodaboda kurudi, dereva akageuza shingo: "Dada, umeisikia hii ya kocha wa chuo?" Nikamwambia sijaisikia. Akanisimulia yote, anacheka hata pikipiki inayumba. Nikacheka naye kidogo ili asishangae.

Leo asubuhi nilikwenda kanisani nikiwa nimejiambia kwamba utani ni utani. Padre alipotuambia tutakiane amani, nikageuka, na nyuma yangu walikuwa wamekaa Kocha Zabroni na mama yake.

Inabidi nieleze jinsi Mama Zabroni anavyonisalimu. Haniamkii kwa kiganja. Ananishika mikono yote miwili juu ya viwiko, ananivuta kifuani, anauliza habari za kijijini kwetu Kalinzi, za mama yangu, za mibuni yetu, ananisukuma kidogo aniangalie, halafu ananivuta tena. Kwao ndivyo mtu anavyomsalimu mtu wake. Leo alininyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ameushikiza chini ya kiwiko, na akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo anavyomsalimu mkuu wa chuo. Anamsalimu hivyo kila mwenye cheo anayeweza kumuuliza ametoka wapi. Mtu wa umri wa bibi yangu, mimi ndiye wa kumwambia shikamoo, na yeye ndiye anainama.

"Amani iwe nawe, mwalimu," akasema.

Alinipa heshima. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma vile.

Nje ya kanisa kocha alinifuata. Nilidhani atafoka, na nilikuwa nimeshajiandaa kufokewa. "Editha," akasema, "nimeambiwa ulichosema kijiweni. Kuhusu winga ya kushoto uko sawa. Nilimtoa Ramadhani mapema, niliogopa. Kesho kwenye kikao liseme vile vile, usinionee huruma."

Kuhusu winga. Lile jingine hakuligusa, akaenda zake.

Kikao chenyewe ni cha kamati ya michezo, kesho asubuhi, kuamua kama abaki au aondoke. Katibu wa mashabiki hupewa nafasi ya kusema. Na akiondoka yeye kazini, nyumba nayo inaondoka, pamoja na mama aliyemo ndani.

Nataka niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu hata hapa. Mimi ni Muha, lugha yetu na ya Burundi zinakaribiana, na Muha akishavuka Tabora anaitwa Mrundi. Mwaka jana nilikuwa kwenye basi naenda Dar. Ofisa mmoja wa uhamiaji akaingia kukagua, akasikia ninavyoongea, akanishusha. Aliniuliza babu yangu ni nani na amezikwa wapi. Aliniuliza kwetu mto unaitwaje. Nilijibu harakaharaka, nikakosea jina la babu mzaa mama, na abiria wakachungulia madirishani. Mmoja akasema, "Mrundi huyo," wengine wakacheka. Niliporudi kwenye kiti nilijifunika khanga, nikalia mpaka tukaingia Dodoma.

Kwa hiyo nisijidanganye kwamba sikujua uchungu wa neno hilo. Nilijua ladha yake kuliko mtu yeyote pale kijiweni. Sisi ndio tulivyo: ugenini tunaitwa Warundi, tunaumia, tunarudi nyumbani kumtafuta Mrundi wetu wa kumwita.

Mchana nilikwenda kwa Mzee Hamisi kulirudisha neno. Niliwakuta karibu wote. Nikasema kwamba jana nilikosea, kwamba tubishane kuhusu mabadiliko na mfumo, lakini alikotoka mtu hakuingii kwenye mpira. Wakacheka tena. Walidhani naendeleza mchezo. Nilipokaza uso wakaona ni kweli, na hapo wakaacha kucheka, ikawa mbaya zaidi.

"Kumbe ulikuwa unatania?" akauliza kijana mmoja wa kamati. "Sisi tulijua ndiyo hoja yenyewe. Kesho tunakwenda nayo."

Nikamtazama Mzee Hamisi, nikitumaini atasema kitu. Alikuwa anapangusa vikombe. "Binti," akasema, "neno hilo lilikuwa lako jana. Leo ni la kijiwe."

Nikatoka nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa kocha. Njiani nilitamani wasiwepo.

Mama alikuwa uani anachambua maharage, peke yake. Nilipopiga hodi aliinuka, akaingia ndani, akaniletea kiti cha wageni, kile chenye kitambaa. Kila siku mimi nakaa naye mkekani, mikono yetu ndani ya ungo mmoja. Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa juu, yeye chini, na sikujua miguu yangu niiweke wapi.

"Mama," nikasema, "yale maneno ni ya kwangu."

"Ninajua." Hakuinua macho. "Pale hakuna mwingine mwenye kichwa cha kupanga maneno namna hiyo."

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa na maneno mengi, nami ni mtu wa maneno, si ameshasema mwenyewe. Aliniacha niyamalize yote. Kisha akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Umekula hapa siku nyingi, mwalimu," akasema. "Wali umekula, ugali umekula. Hujawahi kuniuliza hiyo nchi tuliiachaje."

Ni kweli. Nimemuuliza namna ya kukaanga mgebuka usishike sufuria. Nimemuuliza Zabroni alikuwa mtoto wa namna gani. Hilo sikuwahi.

"Si wote tulioacha," akaendelea, kwa sauti ile ile ya maharage. "Baba yake Zabroni alibaki ameshikilia mlango, mimi nipite nyuma. Aliushikilia. Mimi nikapita."

Akaendelea kuchambua. Nami sikuthubutu kuuliza kilichofuata, maana ningekuwa nauliza kwa ajili ya aibu yangu, sio kwa ajili yake. Maharage yalipokwisha akasema giza linaingia, nisije nikachelewa, na akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni.

Sasa niko chumbani naandika, na nimejiuliza mara nyingi kesho nitasema nini. Nikisema kocha hakukosea, nitakuwa nasema uongo, na aliniomba nisiuseme. Nikisema alikosea, wenzangu watalishika hilo, wataliunganisha na lile la kwangu, watampeleka nalo mlangoni. Nimelizungusha kichwani tangu nilipotoka kanisani nikitafuta mbinu, kana kwamba ni mechi. Hakuna mbinu.

Nimeamua hivi. Nitaanza na neno langu. Nitalirudia mbele ya kamati lilivyo, niseme ni nani alilitunga, alilitunga kwa ajili ya nini, na kwamba alipata kashata. Wacheke au wanizomee, nitasubiri wamalize. Ndipo nitakapozungumza mpira, na mpira nitausema kweli: alimtoa Ramadhani mapema, upande wa kushoto ulikuwa wazi, na kocha anayekubali kosa lake siku ya pili tu ni wa kubaki naye. Ukatibu wao wauchukue wakitaka. Na haya nayaweka hapa leo, kwa jina langu, kabla kikao hakijaanza, asiwepo wa kusema kwamba neno lile ni la kijiwe.

Na wakimwondoa hata hivyo?

Basi nitakwenda pale uani kumsaidia mama yule kufunga mizigo, kama ataniruhusu niiguse.