Uzi Uliokufa na Ufunguo

Kolwezi, shuleni

Tata mpenzi,

Nakusalimu wewe na Mama. Mguu wake unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ingawa mvua inapiga bati mpaka walimu wanafundisha kwa ishara za mikono.

Barua yako nimeipata. Umesema niache masomo siku hiyohiyo, nirudi Lubudi nikauze samaki kwenye meza ya Mama mpaka apone. Sikatai, Tata. Lakini kwanza nikusimulie somo la juzi.

Mwalimu wetu wa ordinatere, zile kompyuta za shule, alisema programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi. Kila uzi una kazi yake na zote zinakwenda pamoja, kama wasichana wa zamu jikoni. Je, ukitaka kusimamisha uzi mmoja, ufanyeje? Umeme ulikuwa umekatika, basi akatupeleka jikoni kwenyewe, sisi tuwe nyuzi.

"Nikitaja jina lako," akasema, "unakufa palepale. Husogei."

Mimi nilikuwa kwenye sufuria ya bukari, nangoja unga nisonge. Rafiki yangu Kapinga aliingia depo ya vyakula kuchota unga, akajifungia kwa ndani. Ndiyo desturi yetu, maana mlango ukiwa wazi sukari hupungua. Ufunguo ni mmoja tu. Mwalimu akaita, "Kapinga!"

Kapinga akafa humohumo ndani. Maji yakachemka, unga hakuna. Aliyekuwa kwenye majani ya sombe akataka chumvi, chumvi iko depo. Sote tukabaki tunaangalia mlango.

"Munaona?" Mwalimu akafurahi. "Amekufa na ufunguo, sasa munangoja milele. Haya Kapinga, toka."

"Mwalimu, uzi wa kufa hautokake!"

Mtawa anayesimamia shule akafika kuuliza chakula. Akaweka sikio mlangoni.

"Huyu mufu anatafuna karanga?"

Mwalimu alibembeleza mpaka jasho likamtoka. Tulipoanza upya, kutaja jina kulikuwa ombi tu la kusimama, si amri. Kapinga alisikia, lakini akamaliza kuchota, akafunika pipa, akafungua mlango, akatundika ufunguo msumarini, ndipo akafa. Mwalimu naye alimngoja atoke kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha. Tulikula, Tata, ingawa tulichelewa sana.

Ndiyo sababu naandika. Programu ya mtihani tunaitengeneza wawili wawili, mimi na Kapinga, na nusu ya kazi iko kichwani mwangu. Nikiondoka leo, yeye hawezi kuendelea wala kupewa mwenzake mwingine. Niruhusu nifanye mtihani mwisho wa mwezi huu, nimkabidhi kila kitu, kisha nipande treni. Kaka aningoje kituoni, asimwambie Mama nimefika kabla yeye mwenyewe hajaniona kwa macho.

Mguu ukipona, tutazungumza habari ya kurudi darasani. Leo sisemi zaidi.

Msalimie Bibi, na mama mdogo anayeshona, na jirani yetu wa reli.

Ukisema njoo leo, nitakuja. Ila Kapinga ameapa tutapanda treni pamoja tukaimalizie programu hukohuko sokoni, na ameshaanza kuuliza meza ya samaki ina urefu gani.

Binti yako anayesubiri neno lako,
Ngalula