Wali Ulioachwa Mlangoni kwa Mzee Hamady

Alhamisi, 9 Novemba
Kikao chetu cha kusoma kitabu kwa Mwalimu Codou leo. Nimecheka hadi mbavu zinauma! Kitabu cha mwezi huu kinadai mtu hatendi wema ila kwa ajili yake mwenyewe. Ukimpa mwenzio maji, unajinywesha sifa. Mzee Hamady, jirani yangu, akapiga paja: kweli tupu, yeye kakagua tiketi za abiria kwenye treni maisha yake yote, watu anawajua. Nikabisha. Akanigeukia, maana kabila lake na letu ni watani tangu enzi za mababu: "Ngoné, nyamaza, mtani. Wema wenu nyie Waserere unaishia kwenye uji wa mtama!"
Mwalimu akaamua: kila mmoja wetu atende jema moja kimya kimya, asimwambie mtu, milele. Tuone nani ataweza.
Mimi nitaweza. Siri ngapi ziko tumboni humu!

Jumamosi, 11 Novemba
Nimelipata jema langu. Tangu bintiye aolewe Dakar, Mzee Hamady anakula mkate na samaki wa kopo. Leo nimepika wali wa samaki, samaki mwenyewe kajazwa viungo tumboni. Muhogo, kabichi, bilinganya, ukoko kidogo pembeni. Alipokwenda msikitini nikaiacha sahani mlangoni kwake, nikarudi mbio kama mwizi. Moyo mwepesi! Sitaki chochote. Kitabu kimeshindwa.

Jumanne, 14 Novemba
Nimepeleka tena. Nimechungulia dirishani, kidogo tu. Alifunua, akanusa, akafumba macho. Akala pale pale kizingitini. Akalamba vidole!
Sijui kwa nini nimeimba jioni nzima.

Alhamisi, 16 Novemba
Balaa. Mzee kaja kusoma na kanzu mpya, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Eti kuna mtu anamlisha, na kwa mkono ule lazima awe mwanamke wa Saint-Louis, mji unaosifika kwa wapishi. Akamtazama Penda. Penda, shoga yangu tangu ujana! Kweli kazaliwa Saint-Louis, lakini hata yai hawezi kukaanga. Nikangoja akane. Akainamisha macho, akatabasamu. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo.
"Angekuwa Mserere mngeshanizika," mzee akaongeza. Kicheko. Nami nikacheka, sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu.
Mwalimu akasoma ukurasa kuhusu wivu. Sikusikia neno. Nikisema ni mimi, wema wangu umekufa. Nikinyamaza —

Ijumaa, 17 Novemba
Sikupika. Ale samaki wake wa kopo.

Jumamosi, 18 Novemba
Nimepika. Tumbo lake lina kosa gani?

Jumapili, 19 Novemba
Penda kaja, analia huku anacheka. Kaponzwa na ulimi wake: kamwalika mzee kwake Jumatano. "Shoga, niokoe!"
Nikamwambia wali ule ulikuwa wangu. Akasema alijua, nani mwingine? Basi mbona hakukana? Akafuta pua. Hajatazamwa vile tangu aachike. Kwa dakika ile alitaka kuwa huyo mtu aliyepika.
Matusi nilikuwa nayo tele mdomoni. Yakayeyuka. Kwani mimi pale dirishani nilikuwa natafuta nini?
Nikakubali kumpikia. Ni kwa ajili ya Penda? Au ili siku hiyo niwe nyumba moja na mzee? Nimepekua kitabu chote. Hakisemi mtu afanyeje akiwa na sababu zote mbili.

Jumatano, 22 Novemba
Niko jikoni kwa Penda. Wali unajiivia, naandika juu ya gunia la vitunguu. Wao wako sebuleni. Mzee anasimulia habari za treni, Penda anacheka mahali pasipochekesha. Maskini!
Mzee kamuuliza ndani ya samaki huwa anatia viungo gani.
"Ee... chumvi," kasema Penda.
Mzee kacheka sana. Hata mtani wake Ngoné, kasema, angejibu vizuri zaidi. Kisha kicheko kikakatika. Namsikia akinusa harufu inayotoka huku jikoni.
Kiti kimesogea. "Mzee, keti, jikoni hakuna mtu!" Sauti ya Penda inapanda. Viatu vinakuja huku.
Mlango wa nyuma uko wazi, uani hakuna mtu. Saa hizi ningekuwa nimeshafika barabarani. Lakini mkono mmoja unaandika, na huu mwingine — nimeuona sasa hivi — unanirekebishia kilemba.