Aliyembeba Herieth

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Siku ya nne tangu nifike hapa China, hospitalini kwa mjukuu wangu. Mguu wa kulia wa Herieth umeishia chini kidogo ya goti. Leo nimeuangalia wakibadilisha bandeji. Nimeuangalia sawasawa. Sikusikia kitu moyoni — kama mtu anaangalia kuku akinyonyolewa.

Daftari hili kanipa yeye. Ni la sampuli, la kule Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, alikokuwa ananunua madaftari na kalamu za duka lake Muleba. Kaniambia, andika bibi, utaacha kugombana na manesi. Haya, naandika. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi alinifundisha huyu huyu akiwa darasa la pili, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni. Nikikosea ananifinya! Sasa mwalimu wangu kalala, namwogesha kama siku aliyozaliwa.

Usiku nalala kwenye kitanda cha kukunja pembeni ya chake. Sijalia. Tangu nipande ndege Dar sijalia.

Jumatano, 4 Novemba 2009

Mvua. Chakula kimekuja tena, ndizi na maharage, moto kabisa. Ni mara ya tatu. Nikimuuliza nesi nani kaleta, ananionyesha mlango.

Mchana kaja Loyce, binti wa Tarime anayesoma uhandisi hapa kwa udhamini wa serikali. Kichina anakimwaga kama maji. Anatusaidia na mambo ya fidia. Kasema karudi kwa askari wa barabarani, nao wanasema ajali hiyo hawana.

Hawana! Lori lilirudi nyuma kichochoroni tarehe 17 mwezi uliopita, mchana kweupe, likambana mtoto wangu ukutani, soko zima likapiga kelele. Lakini askari walipofika hawakukuta majeruhi wala lori. Kuna mtu alimbeba Herieth akakimbia naye. Akamlaza chumbani Xiaobei, mtaa wanakoishi Waafrika, siku mbili, anampa panadol, mpaka mguu ukawa mweusi. Ndipo wakamleta hapa.

Wanasema huyo mgeni kaumia kwingine. Askari wasipoandika ajali, bima ya lori hailipi. Hakuna fidia, hakuna mguu wa bandia.

Nikamuuliza Herieth, nani alikubeba? Akageukia ukutani.

Alhamisi, 5 Novemba 2009

Nimemvizia mleta chakula. Nikakaa karibu na lifti tangu saa sita. Akatoka kijana mrefu, na hotpoti.

Shikamoo bibi. Sikuitikia. Wewe nani? Shedrack, wa Geita, nafunga mizigo ya watu pale Xiaobei, na ya Herieth pia. Wewe ndiye uliyembeba?

Akasema ndiye.

Nikampiga kofi. Hotpoti haikumwagika — aliishika vizuri, hilo nililiona. Nikamwongeza la pili. Hakukwepa.

Viza yake ilikufa mwaka jana. Siku hizi askari wanapanda mpaka ghorofani kwenye maduka, pasipoti, pasipoti! Asiye na viza anapakiwa kwenye gari lao. Anasema akiona sare miguu inakimbia yenyewe. Nikamwambia, ya kwako ipo miwili, bado inakimbia! Akainamisha kichwa. Akasema, nilidhani umeteguka tu, bibi.

Nikamwambia kaa chini, kula. Hiki ni chenu, bibi. Kula! Umekonda kama fito. Akala huku analia, makamasi mpaka kwenye ndizi. Watu wa lifti wanatushangaa. Mimi macho makavu.

Nikamuuliza ndizi kapata wapi. Kwa Mkongo mmoja, anazileta kwa ndege. Zimeiva kidogo. Sikumwambia.

Jumapili, 8 Novemba 2009

Leo tulikaa watatu ngazini, mimi, Loyce na huyo Shedrack. Herieth amelala.

Shedrack aliiona namba ya lori. Anaikumbuka, inaishia na nne mbili, namba ambayo Wachina wengi hawaitaki kabisa, kwao inasikika kama kifo. Ameiandika kwenye simu. Dereva pia anaweza kumtambua. Basi nikasema yamekwisha, aandike karatasi, Loyce apeleke.

Loyce akasema, hawataki karatasi, bibi. Wanamtaka mtu. Aliyeona, aliyembeba, aje mwenyewe na pasipoti yake mkononi.

Na akienda?

Loyce akamtazama Shedrack, Shedrack akatazama viatu. Watamfungia kwanza. Wiki, mwezi, haijulikani. Kisha faini, kisha ndege, na China basi tena. Ana watoto watatu Geita, na mama yao hana kazi. Anawalisha kwa hizo katoni anazofunga.

Na asipoenda? Ijumaa wanafunga jalada.

Halafu huyu mjinga akasema, bibi, wewe ukisema niende, naenda.

Nikamfokea mpaka nesi akaja. Kwa nini mimi! Wewe huna kichwa? Umenivunjia mtoto, sasa unanipa na watoto wako niwabebe! Akasema basi bibi, samahani bibi. Nilitaka kumpiga tena. Mkono haukunyanyuka.

Jumanne, 10 Novemba 2009

Namwogesha Herieth. Namtania kama siku zote — mke mwenzangu, marehemu babu yako angekuona na mguu mmoja angesema afadhali, huyu sasa hatanikimbia. Huwa anacheka. Leo hakucheka.

Akasema, bibi, Loyce kaniambia yote. Umempiga Shedrack?

Makofi mawili tu.

Akaniambia yote. Pale ukutani alikuwa na akili zake. Viza yake ilikuwa nzima, hakuwa na cha kuogopa. Mlinzi wa soko alipoinua simu kuita polisi, yeye Herieth alimwambia Shedrack kimbia, niache. Akamwambia mara mbili. Shedrack akakataa kumwacha chini peke yake kati ya watu wasiojua hata jina lake. Akasema twende wote. Na yeye akakubali, akamshika shingoni. Njia nzima ndani ya teksi anamwambia hauumi sana, hauumi sana, ili asirudi nyuma. Hata chumbani. Shedrack alipotaka kumpeleka hospitali siku ya kwanza, yeye ndiye aliyesema tungoje, utakamatwa mlangoni.

Kwa hiyo usimwambie aende, bibi. Nakukataza.

Nikaendelea kusugua. Vidole vya mguu uliobaki, kimoja kimoja. Nilifika mwisho nikaanza upya.

Nilimlea mimi. Nani alimfundisha kudanganya kuwa haumwi?

Alhamisi, 12 Novemba 2009

Leo chakula hakikuja.

Sikumpigia simu. Sikumwambia nenda, sikumwambia usiende. Loyce ananiuliza, nasema kesho tutakwenda na tulichonacho. Hatuna kitu. Cheti cha hospitali na picha za mguu tu.

Daktari kapima kisiki kwa utepe, kwa ajili ya mguu wa bandia. Kaandika vizuri, kaenda zake. Herieth kauliza mguu wenyewe utakuja lini. Nimemwambia unywe uji.

Ijumaa, 13 Novemba 2009

Tupo kwa askari wa barabarani. Viti vya chuma, baridi inapanda mgongoni. Loyce amechukua namba, yetu thelathini na saba. Herieth yupo kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini.

Walipofika namba thelathini na nne mlango ukafunguliwa. Shedrack. Shati limepigwa pasi. Pasipoti mkononi. Na mfuko wa plastiki — mswaki, taulo, sweta. Kafungasha kabisa!

Herieth akaanza kulia kwa sauti, rudi, rudi, Shedrack ondoka, bibi mwambie! Watu wote wakageuka. Askari mlangoni naye kageuka.

Shikamoo bibi.

Marahaba. Ndiyo mara ya kwanza namwitikia.

Akakaa kiti cha pembeni yangu. Nimemuuliza umekula? Akasema hapana. Sina hata mkate wa kumpa.

Namba ya lori anaisema kimyakimya, midomo tu, asije akaikosea.

Thelathini na sita.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika shati lake kwa nyuma, nimeshika tangu alipokaa, vidole vimekufa ganzi. Sijui namshika asiingie, au namshika asikimbie. Herieth ananitazama huo mkono. Loyce amesimama, anakusanya karatasi, anasema bibi ndio sisi sasa, bibi mwachie