Waya Uliokuchukua, Maige Anaukata Leo

Baba Maige,

Mwangaluka. Huku kumekucha, na mtambo wa kusagia mawe umezimwa. Aliyeuzima ni mwanao. Asubuhi hii anaukata ule waya uliokuua, nami nimekaa mlangoni nakuandikia. Mwandiko utanisamehe, shule yangu unajua iliishia wapi.

Tangu ulipotutoka, mgodi mzima unaogopa nyaya. Nyingine zilifungwa kabla ya vita, nyingine zikaongezwa juu yake, na waliozifunga wamesharudi kwao Ulaya. Hakuna aliyejua upi unakwenda wapi. Basi nani akapewa kazi ya kuzichora zote, kutoka kwenye jenereta mpaka taa ya mwisho? Maige! Kuanzia Segese mpaka Nyasubi, nitajie mama mwingine aliyezaa fundi kama huyo. Anazima swichi moja, anazunguka kiwandani kutazama nini kimelala, anachora. Kisha swichi nyingine. Jirani yetu Mama Kulwa akanichokoza kisimani: "Eti mwanao analipwa kutazama nyaya? Mbona hata mbuzi wangu anazitazama!" Nikamwambia, "Akiweza kuzichora, mlete naye aajiriwe." Wanawake walicheka mpaka mtungi wa mtu ukamwagika.

Lakini juzi alirudi akakataa ugali. Akasema, "Mama, nimeujua uliomuua baba. Unapata umeme pande mbili. Walizima upande mmoja, wakamwambia aushike, umekufa. Upande wa pili ulikuwa hai."

Kumbe hukukosea, mume wangu. Na wakubwa wa mgodi wakasema ni uzembe wako! Sasa mwanao anasema atazima pande zote mbili na lazima aukate mwenyewe, asije akaushika mtoto wa mtu mwingine; lakini hata wewe uliambiwa waya umekufa.

Nikafanya ambalo mama yeyote wa kwetu angelifanya. Nikaitoa ile bangili ya shaba ya babu yako, nikamvika ili wazee waliotangulia wamfunike. Akaivua polepole. "Mama, umeme unapita kwenye shaba. Hizo nyaya zenyewe ni shaba."

Baba Maige, hebu fikiri! Kinga yenyewe ndiyo ingemmaliza. Lakini nimwache aende mkono mtupu, bila wazee wake? Jana nikachinja mbuzi, nikamkatia ukanda wa ngozi wa kufunga mkononi. Akaushika, akatikisa kichwa: "Huu mbichi, Mama. Maji nayo yanapitisha." Nikauanika juu ya moto, nikaugeuza na kuugeuza, mpaka ukawa mkavu kama kuni. Leo akakubali nimfunge. Akacheka, "Mama, sasa umekuwa fundi wa umeme." Mimi sikuweza kucheka.

Kila anayepita njiani nadhani anakuja kwangu. Siku yako walikuja wawili, wameshika kofia mkononi, nikajua kabla hawajafungua mdomo.

Kama huko wazee wanakuruhusu, nenda ukasimame naye. Ule upande wa pili wewe ndiye unayeujua. Uzuie. Akirudi, nakuahidi nitakwenda mwenyewe ofisini kwa bwana mkubwa, na mchoro wa mwanangu mkononi, na sitatoka mpaka aseme mbele ya watu wote kwamba hukuwa mzembe. Unanijua kwa kelele. Asiporudi... hapana, hilo siandiki.

Pumzika, mume wangu. Lakini si sasa hivi. Sasa hivi kaa macho.

Mimi mkeo,
Mama Maige