Diski Niliyokaribia Kuifuta

Homa Bay, Jumatano, Machi 1997

Bado naogopa. Nafasi ya rekodi za wagonjwa imejaa, kwa hivyo leo nilikuwa nitengeneze volyumu mpya, yaani sehemu mpya ya kuhifadhia, kwenye seva ya hospitali. Nikaandika amri ya kuandaa diski mpya tuliyoongeza, pamoja na namba yake. Mashine ikakataa, eti diski ina kitu tayari.

Nikampigia bosi, yuko Migori. "Hiyo ni mpya bwana, lazimisha tu!"

Nikaandika amri ya kulazimisha, ile inayofuta kila kitu kilichomo. Kabla sijabonyeza, Sista Akoth wa wodi ya watoto akaingia mbio. "Nifungulie rekodi ya yule mtoto wa Mfangano. Kuna dawa inamdhuru, nimesahau ni gani."

Nikaifungua kwenye kompyuta ya pili. Taa ya diski ileile niliyoitaja kwenye amri ikaanza kumetameta. Rekodi zote zilikuwa humo! Nilikuwa nimekosea namba ya diski kwa tarakimu moja tu, na tepu yetu ya akiba, yenye nakala za rekodi, ni ya Desemba.

Nikaifuta ile amri, nikaandika namba sahihi. Volyumu ikakubali mara moja.

"Asante, Sista."

"Ya nini sasa?"

Akaondoka na jina la dawa ameliandika kiganjani, nami nikatia tepu kuanza akiba mpya.