Kompyuta Haimjui Mwikali

Alhamisi

Kumbe mke wangu alikuwa makosa. Kompyuta ya cyber pale soko ya Tulia ndio imesema.

Nimepita huko nikitoka kuchimba mtaro, nichapiwe programu ya maombi ya Jumapili, ya kumkumbuka marehemu Mwikali wangu. Faith, msichana wa hapo, akichapa Mwikali, mashine inageuza inaandika Michael. Anarudisha, inageuza tena. Ati kanisa yote iombee mwanaume.

"Mzee, ni kompyuta, si mimi."

"Basi iambie sikuoa Michael."

Akaizima hiyo tabia. Sasa kila jina ikawekewa mstari nyekundu: Mwikali, Muthiani ndio mimi, hata Kathonzweni kwao. Mashine imesoma sana, lakini Ukambani haijawahi fika.

Halafu Faith akanisomea. Kumbe alichukua programu ya matanga ya watu wengine akabadilisha majina, na yetu akayapanga vibaya. "Marehemu Muthiani ameacha mke wake mpendwa, Mwikali."



Nikauliza, "Na hapo mashine inasema nini?"

"Ni majina tu inakataa, mzee. Hiyo ingine inaona iko sawa."

Tukacheka mpaka Faith akapangusa macho. Ametengeneza. Mama mkwe wangu atashika karatasi ya ukweli.

Lakini ile mbaya nimekuja nayo nyumbani. Iko hapa mezani. Ndani yake Mwikali ako hai, mimi ndio nimeenda.

Hiyo makosa, mimi singeipigia mstari.