Tikiti Lisilo na Fundo

Jumamosi, Agosti. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, lakini leo sina nafasi ya kulalamikia vumbi.

Nilikwenda shambani kwa mdogo wangu Masanja, bondeni nje ya Bariadi, kumchukulia binti yangu Kabula tikiti. Ana mimba ya miezi saba, na kila akipiga simu anataja matikiti. Masanja hulima pamba. Ikishavunwa, hupanda matikiti karibu na kisima. Machache ya ukingoni huyafunga fundo la nyasi kwenye kikonyo.

"Chukua yenye fundo, dada," akaniambia. "Hayo mengine ni ya mjini. Watu wa mjini wana matumbo ya chuma."

Nikacheka. Naandika hapa nisije nikasahau: nilicheka.

Maana ya fundo naijua, huu ni msimu wa tatu. Lenye fundo halikupuliziwa. Mengine hupuliziwa dawa ya pamba iliyobaki, hata siku mbili kabla ya kuchumwa, kwa sababu Masanja anaona kuiacha dawa aliyoinunua ni hasara. Dawa ile ni ya pamba, si ya chakula. Na hata dawa ya matunda ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye chupa, ili ipungue nguvu kabla tunda halijafika mdomoni. Nimefundisha sayansi miaka mingi. Haya yote niliyajua, nikawa nabeba langu lenye fundo na kuaga.

Nilipofika kwa Kabula nikakuta nusu ya tikiti mezani, imefunikwa kwa sahani.

"Umechelewa, mama," akasema huku anacheka. "Nimelipata jana sokoni. Muuzaji kaniambia limetoka kwa mjomba, nikaona basi hilo ndilo la kuaminika."

Sikumwambia.

Badala yake nikafundisha. Nikamweleza kwamba tikiti huoshwa kabla ya kukatwa, maana kisu huchukua kilicho kwenye ganda na kukipeleka ndani. Litiririshiwe maji, lisuguliwe kwa mkono au brashi safi, bila sabuni. Embe na papai aoshe kwanza, ndipo amenye. Akanisikiliza kwa adabu kama mwanafunzi.

Sentensi moja niliiruka. Maji huondoa kilicho juu ya ganda. Dawa iliyopenya kwenye mmea ikafika kwenye nyama ya tunda, hakuna maji yanayoitoa. Hiyo huzuiwa na mkulima, shambani.

Nikasema ile nusu imechacha, nikaibeba, nikaifukia nyuma ya nyumba yangu.

Kabula haumwi popote. Mtoto anacheza tumboni. Huenda hakuna kitakachotokea, lakini hiyo "huenda" hailaliki.

Kesho nitamwambia ukweli, na Jumatatu tutakwenda kliniki pamoja tumweleze muuguzi. Kisha nitarudi bondeni nimwambie Masanja nani amekula tikiti lake lisilo na fundo. Najua ataacha. Anampenda Kabula kama mwanawe wa kumzaa.

Na hilo ndilo linaloniuma. Waliokula misimu yote mitatu nao ni wana wa watu. Kama Kabula asingelinunua lile tikiti, ningefungua mdomo lini?